Ile video ya taa ya jirani niliifuta mwenyewe

Tangu Disemba mnaniuliza swali moja: ile video ya taa ya jirani ilienda wapi? Kuna waliosema niliripotiwa, kuna waliosema nilitishwa. Hapana. Niliifuta mwenyewe, saa nane usiku, nikiwa nimekalia ndoo nyuma ya nyumba. Leo wacha niwaambie ilivyokuwa. Na kwa sababu haiwezi kueleweka bila nyota, mtanivumilia na mambo ya nyota kidogo.

Kwa wageni: mimi hupiga picha za nebula. Nebula ni wingu la gesi na vumbi huko angani, na nyingi zimefifia hivi kwamba hata ukionyeshwa mahali penyewe hutaona kitu, labda weusi tu. Siendi Samburu wala Chalbi. Napigia hapa hapa Ruiru, nyumbani kwa wazazi, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji. Kamera yangu ni Canon ya mkono wa pili yenye lenzi ya milimita 200, na chini yake kuna kichwa kidogo cha mota kinachoizungusha polepole kufuata nyota, maana dunia haisimami ikungoje.

Nilianza kwa bahati mbaya ya kila mtu. Mnakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima? Kulikuwa na mwezi nusu. Ulipotua nilikuwa nimetoka nje na simu juu nikitafuta mtandao, kisha macho yakaenda mbele zaidi ya simu. Aki sikuamini. Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota tuliouona kwa vitabu vya shule, ulikuwa umelala juu ya paa letu kama mtu amemwaga unga. Nilikuwa na miaka 21, nimelelewa kwa nyumba hiyo hiyo, na sikuwahi kuuona nikiwa hapo. Kesho yake stima ilirudi. Usiku uliofuata nilitoka tena kuangalia, na hapakuwa na kitu.

Sasa, mbinguni ya Ruiru ikoje usiku wa kawaida? Upande wa kusini na magharibi kuna wekundu wa Nairobi ambao haulali. Kuna taa za Thika Road. Kwenye makutano yetu kuna mulika mwizi, ule mlingoti mrefu wenye taa kubwa kichwani, unaomulika mwizi, kanisa, kinyozi na mawingu bila ubaguzi. Kwa hayo yote nilikuwa nimezoea. Unajifunza kujificha nyuma ya tangi, unaning'iniza shuka kwenye kamba ya nguo, unaendelea.

Halafu Novemba, Mama Duka akaweka taa.

Mama Duka ana nyumba ya kona, na duka lake limeshikana na nyumba. Taa ilikuwa ya LED, nyeupe kabisa, imepigiliwa ukutani karibu na paa na kuelekezwa moja kwa moja kwetu. Shuka yangu ilikuwa inang'aa kama skrini ya sinema. Nikipiga picha ya dakika tatu, nusu yake inatoka nyeupe kama maziwa. Nilivumilia wiki mbili, nikakasirika, na nikafanya kile watu wa kazi yangu hufanya wakikasirika. Nilitoa simu.

Kama hukuiona, nilikuwa nimevaa miwani ya jua saa sita usiku, nimejipaka mafuta ya kuzuia jua, nimekaa kwa kiti uani nikisema jirani ametununulia jua la pili. Ilichekesha, hata siwezi kukataa. Ndani ya siku mbili ilikuwa imetazamwa kuliko kazi zangu zote za nebula zikijumlishwa. Sikumtaja mtu, nilijiambia hivyo. Lakini geti lake lilionekana kwa sekunde kadhaa, na kwa mtaa wetu sekunde moja inatosha.

Siku ya nne taa ikazimwa.

Nilifurahi, wasee. Wacha niseme ukweli wote. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Usiku huo nilitoa vyombo mapema, nikapanga kila kitu, nikaanza kupiga. Giza lilikuwa zuri. Mnamo saa saba nikasikia redio ikiongea chini chini kwa Mama Duka. Halafu nikaona tochi. Ilipita dirisha la mbele, ikapita la pembeni, ikasimama mlangoni, ikarudi. Baada ya robo saa, tena. Nilidhani anatafuta kitu. Usiku wa pili ikawa hivyo hivyo, mpaka saa nane, redio na tochi, na mimi nimekalia ndoo nikihesabu mizunguko yake badala ya kuhesabu picha zangu. Nilielewa kabla sijaambiwa. Nikafuta video hapo hapo, ingawa kufikia hapo ilikuwa imeshanakiliwa na watu nisiowajua.

Asubuhi nilimuuliza mama yangu. Akaniambia Oktoba wezi walikata bati la duka na kuingia, Mama Duka akiwa chumba cha pili na mjukuu wake, ameziba mtoto mdomo asilie. "Mtaa wote unajua," mama akasema. "Wewe kila usiku uko nje unaangalia juu. Utajua ya chini saa ngapi?"

Kuomba msamaha si rahisi kama kushuti video. Kwanza, mtu anayeuza sukari, unga na mkate utampelekea nini? Nilibeba maparachichi ya kwetu. Nilimkuta akipima maharagwe, nikangoja wateja waishe. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kwa ile maneno ya taa." Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema video hakuitafuta, mjukuu ndiye alionyeshwa shuleni. Alisema taa aliinunua kwa mkopo wa chama, na kwamba wenzake wa chama nao waliiona video. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashindwa niweke uso wapi:

"Mwanangu, hiyo taa niliigeuza upande wenu kwa sababu yako. Nilikuwa nakuona huko nje peke yako, usiku wa manane, msichana. Nikasema angalau akuwe na mwangaza."

Sikuwa na jibu. Na niwaambie kitu kingine ambacho hakikuwa kwenye video. Mimi nikishuka stage saa tatu usiku, kuna njia mbili za kufika nyumbani. Ya mkato ni giza. Sijawahi kuipita hata siku moja. Napita ile ndefu, chini ya mulika mwizi, nikitembea haraka, na nikifika nyumbani natoa kamera na kuanza kuitukana taa iliyonileta.

Kwa hivyo nilimwomba aiwashe. Nilimwomba pia aniruhusu nilete fundi, si ya kuipunguza nguvu, bali ya kuiinamisha. Kabla ya fundi kuja tulifanya jaribio dogo, taa ikiwa vile ilivyokuwa. Nilisimama ukutani, chini ya taa lakini pembeni kidogo, nimenyamaza. Mama yangu na Mama Duka wakasimama getini wakiangalia upande wangu. Hawakuniona. Macho yakipigwa na mwanga mkali hufunga mboni, na kila kitu kilicho kivulini kinakuwa cheusi zaidi kuliko kama taa isingekuwepo. Mwizi angesimama hapo avute sigara amalize. Fundi wa jua kali akakata debe la mafuta ya kupikia, akalifanya kofia, akainamisha taa iangalie ardhi. Sasa geti lake linaonekana mpaka kokoto, uani kwetu kuna kiza cha kutosha, na taa ni ile ile, stima ni ile ile.

Ilibaki Ruiru nzima. Hiyo huwezi kuivalisha debe. Hapo ndipo inaingia filta.

Nilikuwa nimeisikia kitambo na kuiogopa bei. Filta ya bendi nyembamba, ya kiwango cha chini kabisa, ilinigharimu karibu shilingi 25,000, na ilibidi binti ya shangazi yangu anayefanya kazi Dubai aninunulie na kuja nayo akirudi likizo. Hiyo ilikuwa Januari. Njaanuari. Nilikula githeri mpaka githeri ikanichoka.

Hebu nieleze venye inafanya kazi, kwa sababu hapa ndipo watu hudhani ni uchawi au programu ya kupaka rangi. Taa ya LED hutoa mwanga wa rangi karibu zote pamoja, ndiyo maana inaonekana nyeupe. Gesi ya nebula haifanyi hivyo. Gesi ikichomwa na mionzi ya nyota changa zenye joto kali, hutoa rangi chache tu, kila moja mahali pake kamili. Hidrojeni hutoa nyekundu ya nanomita 656.3. Oksijeni hutoa kijani kinachoelekea buluu, nanomita 500.7. Kila siku ni hapo hapo, haziyumbi. Filta yangu ina madirisha mawili, kila moja upana wa nanomita 7, moja kwa hidrojeni na moja kwa oksijeni. Macho yetu huona kutoka nanomita 400 hivi mpaka 700. Piga hesabu: nanomita 14 kati ya 300. Zaidi ya asilimia 95 ya rangi zote zinafungiwa nje, na pamoja nazo karibu mwanga wote wa mulika mwizi, Thika Road na Nairobi. Nebula inapita kama mtu aliye na jina kwenye orodha ya mlangoni.

Hiyo rangi ya oksijeni ina hadithi naipenda sana. Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins alielekeza darubini kwenye nebula moja, akagawanya mwanga wake, akakuta mstari wa kijani ambao haukulingana na kitu chochote kinachojulikana duniani. Wanasayansi wakaamua ni elementi mpya, wakaipa jina nebulium. Ilikaa hivyo zaidi ya miaka 60. Mwaka 1927 Mmarekani Ira Bowen akaonyesha kwamba nebulium haipo. Ni oksijeni ya kawaida, iliyopoteza elektroni mbili, ikiwa mahali ambapo gesi ni nyepesi mno kuliko ombwe tunaloweza kutengeneza kirahisi hapa chini. Yaani watu walikaa miongo sita wakiitafuta elementi ya ajabu, kumbe ni hii tunayovuta puani.

Filta peke yake haitoshi. Kamera za kawaida zimewekewa kioo ndani kinachozuia sehemu kubwa ya ile nyekundu ya hidrojeni, ili ngozi za watu zitoke vizuri. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue alinifungulia kamera na kukitoa kioo hicho, akiniuliza mara tatu kama nina akili timamu. Sasa nikipiga picha ya harusi watu wote wanatoka kama nyanya, kwa hivyo msiniite harusi.

Tena sisi wa ikweta tuna shida yetu. Video zote za mafunzo kutoka Ulaya na Marekani zinaanza na "elekeza kifaa kwenye nyota ya kaskazini". Nyota gani? Kutoka Ruiru nyota hiyo iko chini ya upeo, imezikwa. Ncha ya kusini nayo iko juu ya upeo kwa digrii moja na kitu, nyuma ya ploti ya mtu. Mimi hutumia programu ya bure inayoitwa NINA. Inapiga picha sehemu tatu za anga, inatambua nyota, kisha inaniambia nisogeze stendi upande gani. Mara ya kwanza ilinichukua saa mbili na mbu.

Februari anga ikatakata. Nililenga nebula ya Rosette. Ukitaka kujua ilipo, tafuta Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya bega la Orion, nyosha mkono, na uweke ngumi moja upande wa mashariki. Hapo. Huoni kitu, sivyo? Upana wake unazidi mara mbili wa mwezi mpevu, iko umbali wa miaka ya nuru karibu 5,000, na katikati yake nyota changa zimepuliza gesi zikaacha shimo. Kwetu inapita karibu utosini mnamo saa tatu na nusu usiku mwezi huo, mbali na uchafu wote wa upeo. Kitu ambacho wazungu wa kaskazini wanakipigia chini chini kupitia moshi wa miji yao, sisi kinatupitia juu ya kichwa. Tuna bahati tusiyoitumia.

Picha ya kwanza yenye filta ilikuwa karibu nyeusi, na nikafikiri nimeibiwa. Nikaivuta mwanga kwenye kompyuta. Kulikuwa na kivuli cha wekundu, chenye punje punje, na katikati shimo. Sikupiga kelele kwa sababu ya soja wa ploti ya pili, lakini nilizunguka tangi mara mbili. Kwa usiku nne nilikusanya picha 96 za dakika 3 kila moja, saa 4 na dakika 48 kwa jumla. Ukizipanga juu ya nyingine kwa programu ya Siril, ambayo pia ni ya bure, punje hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha, yaani karibu mara kumi. Kisicho cha kweli kinabadilika kila picha na kufutika. Kilicho cha kweli kinabaki palepale.

Mlipoiona picha hiyo wengi mlisema, "Si basi filta imemaliza shida? Taa ziwake tu." Hapana, na hapa ndipo natofautiana na baadhi ya wenzangu wa kamera. Filta inaokoa gesi inayowaka, basi. Galaksi ni mabilioni ya nyota, zinatoa rangi zote kama taa, kwa hivyo filta inazifuta pamoja na taa. Makundi ya nyota hali kadhalika. Kilimia, ambacho jina lake lenyewe linatokana na kulima kwa sababu watu walipangia shamba kwacho, nikisimama uani nahesabu nyota nne, siku nzuri tano. Hakuna filta ya hiyo. Na mtoto wa jirani hana shilingi 25,000 wala binamu Dubai. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha ramani ya mwanga wa usiku duniani, wakakuta zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaishi chini ya anga iliyochafuliwa na mwanga, na thuluthi moja hawawezi kuiona Njia Nyeupe kwao. Mimi kwa miaka 21 nilikuwa mmoja wao na sikujua nimekosa nini.

Lakini pia sitawahi tena kusema zima taa. Anayesema hivyo kwa mama aliyeziba mtoto mdomo gizani hajui anachosema, na nilikuwa mimi. Ninachodai ni kidogo: taa iangalie chini, iwe na kofia, na kama inawezekana iwe ya manjano badala ya hii nyeupe ya hospitali. Mwanga unaoenda mbinguni haujamshika mwizi yeyote. Tunaulipia na kuurusha. Anayepanga taa mpya za barabara angeweza kuamua hilo kwa siku moja mezani, kabla hata mlingoti haujasimamishwa. Wewe na taa ya geti lako unahitaji fundi, debe na nusu saa.

Nilichapisha Rosette kwa karatasi nikampelekea Mama Duka. Aliishika kwa vidole vya pembeni kama picha ya mgonjwa, akaniuliza hiyo rangi ni ya kweli ama nimepaka. Nikamwambia nyekundu ni ya kweli, ni ya hidrojeni, ila jicho halina nguvu ya kuikusanya. Ile buluu ya katikati ni oksijeni niliyoivuta iongezeke, maana ilikuwa imefifia. Akasema, "Kumbe nawe unaongeza chumvi." Nikakubali. Ameibandika karibu na ile karatasi ya "Leo hakuna deni", na wateja wakiuliza kama ni ua ama ni chapati imeungua, anawaambia ni kitu kiko juu ya duka lake, na kwamba taa yake haikizuii.

Aprili nataka kujaribu Carina, mvua ikiniruhusu. Ni kubwa na inang'aa kuliko Rosette, lakini iko kusini, haipandi zaidi ya digrii 31 hivi, na chini yake ni Nairobi yote. Sijajua debe la ukubwa huo linauzwa wapi.